Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kuwapima wazee wetu wenye dimensia kali

Wapendwa wanachama, wababa na wamama wa Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na komini nyingine zote za mji wetu wa Lubumbashi,

Ya fedha nitayapitia haraka, maana mweka hazina ameshawasomea hesabu. Michango ilichelewa, lakini sabuni, nepi na nauli za wanaotembelea familia zililipwa, wala chama hakidaiwi. Asanteni.

Kazi iliyotushughulisha zaidi ni hii: tutajuaje hali ya mzee ambaye dimensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, imeshamfikisha mahali asipomjua tena mtoto aliyemzaa? Wengi wenu mlirudi kutoka kwa munganga (daktari) na karatasi yenye sifuri. Kipimo kile cha alama 30, kilichotungwa na Folstein na wenzake huko Marekani mwaka 1975, kinauliza leo ni tarehe gani, tuko ghorofa ya ngapi, 100 ukitoa 7 inabaki ngapi, kisha kinamtaka mtu aandike sentensi. Mama ambaye hakuwahi kukaa darasani anapoteza alama hata kabla ugonjwa haujamgusa. Ukishakomaa, sifuri ya mwaka huu na sifuri ya mwaka ujao zinafanana, ingawa mwenyewe amebadilika sana. Zipo nyumba walikoacha kumsemesha bibi yao baada ya kuiona karatasi ile. Jambo hilo limenisikitisha kuliko lolote mwaka huu.

Vipimo vya hatua hii vipo. Kimoja, cha Judith Saxton na wenzake, kina alama 100 na huchukua kama dakika 20. Mpimaji ananyoosha mkono aone kama mzee atampokea. Anamwonyesha kijiko na kikombe. Maneno yakishindikana anatumia ishara, na mzee akijibu kwa ishara anahesabiwa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walikitumia kuichunguza dawa ya memantine kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mbali.

Kwenye mafunzo yetu, bibi mmoja asiyesema tena alipewa kijiko, akakigeuzageuza, akakiweka chini. Bintiye akamtilia bukari (ugali) kidogo mkononi. Vidole vikaanza kubumba tonge, dole gumba likabonyeza kishimo, akachovya kwenye sombe (kisamvu), akala. Tukaandika: anakula mwenyewe.

Hapo tukakutana na shida. Kipimo cha shughuli za kila siku kilichotengenezwa kwa dimensia kali kina vipengele 19 na alama 54. Anayejibu ni mlezi, naye anaeleza mgonjwa alifanya nini kweli katika wiki 4 zilizopita, wala si kile anachodhani angeweza. Hilo nalipenda sana. Lakini kwenye kula, mwenye kutumia kisu anapata 3, uma au kijiko 2, vidole 1, anayelishwa 0. Nani kwetu anakula bukari kwa kisu? Kwa hiyo daftari letu, ambalo kila familia inaandikia hali ya mzee wake, linauliza: ananawa? anabumba? anachovya? anameza bila kupaliwa? Alama zake tusizilinganishe na za kipimo kile cha vipengele 19. Zinatusaidia kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita.

Daftari lina pia ukurasa wa maumivu. Mzee mmoja alikuwa akipiga kelele kila akiogeshwa, na majirani wakaanza kunong'ona habari za ulozi. Mkwewe akaangalia mambo matano tuliyofundishwa: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika akibembelezwa. Akagundua kelele zinakuja mkono wa kushoto unapoinuliwa tu. Bega lilikuwa limevimba. Sasa anavalishwa shati linalofunguka mbele, kwa kuanzia mkono ule, na anaoga kwa utulivu.

Naomba sana jambo moja. Ugonjwa huu kwa kawaida huteremka polepole. Mzee aliyetembea juzi na leo haamki, msiandike kwamba dimensia imezidi. Mpelekeni apimwe malaria na maambukizi ya mkojo, mtazame kama anakunywa maji, mkumbuke alienda choo lini. Vilevile, katika ngazi alizoziandika mtafiti Reisberg kwa ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, maneno huisha kabla ya miguu. Anayeacha kutembea huku bado anaongea vizuri huenda ana ugonjwa mwingine, na huo unaweza kuwa na dawa.

Mwaka ujao kamati inataka maswali ya daftari yasahihishwe pamoja na waganga wa hospitali na wauguzi, yaandikwe kwa Kiswahili tunachokisema hapa mjini. Watafiti waliofanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville walitumia kipimo kinachomfaa hata asiyesoma, chenye sehemu ya kumuuliza ndugu wa mgonjwa; tutaanzia hapo.

Kila familia ije na daftari lake kwenye mkutano ujao, limejazwa na yule anayemwogesha na kumlisha mzee, hata kama ni mjukuu au mtumishi wa nyumbani. Asiye na daftari achukue kwa katibu; ni bure.

Mwenyekiti