Mume wangu anataka kulipia utume, nifanye nini?

Ndugu mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Naomba unisaidie mawazo, maana jambo hili linaninyima usingizi na sina wa kumwambia.

Mume wangu ni fundi seremala hapa Arusha. Ni mtu wa maombi kwelikweli. Kila Jumatano jioni majirani hukusanyika sebuleni kwetu, anawafundisha Neno na kuwaombea, na hakuwahi kupokea hata senti. Mwaka jana alialikwa kwenye kongamano la huduma fulani. Kiongozi wao akamwambia mbele za watu kwamba ana upako wa kitume, ila hautafunguka mpaka awekwe wakfu na kuingia chini ya kifuniko cha baba wa kiroho.

Baadaye akatumiwa orodha ya "mbegu za kupanda", yaani fedha ya kutoa kwa kila cheo. Nimeiona kwenye simu yake: uchungaji laki tano, unabii milioni moja na nusu, utume milioni tatu, uaskofu milioni tano. Ukilipia utume unapewa joho, pete, fimbo, cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu na ruhusa ya kufungua tawi kwa jina lao. Ukiongeza kidogo, unatoka na udaktari wa heshima wa chuo cha ng'ambo. Hakuna aliyemuuliza amesoma wapi, wala aliyekuja kuuliza majirani anaishi nao vipi. Joho la zambarau ameshapimwa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti wa KKKT. Alipelekwa chuo cha Biblia kwanza, akatumwa vijijini, watu wakamwona. Askofu wao hupigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa dayosisi. Sisemi Walutheri peke yao ndio wenye haki. Nawajua wachungaji wa makanisa ya wokovu waliolelewa na wazee wao miaka mingi kabla ya kuwekewa mikono. Ila hao wote walipimwa kwanza.

Nilimsomea Matendo sura ya 8, Simoni wa Samaria alipowapelekea mitume fedha ili apewe mamlaka ya kuweka mikono, na Petro akamkemea. Akanijibu kwamba Simoni alikuwa na nia mbaya, yeye anatoa sadaka, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Nikamwambia mtenda kazi hulipwa kwa kazi aliyoifanya, mbona hapa mtenda kazi ndiye anayelipa ili aitwe mtenda kazi? Akanyamaza, akatoka nje.

Kinachonitisha zaidi ni yatakayofuata. Tawi litapeleka fungu la kumi kwa baba wa kiroho kila mwezi. Mume wangu naye ataruhusiwa kuwaweka wakfu wachungaji chini yake, kila mmoja na mbegu yake, na sehemu ipande juu. Fedha hizo zitatoka kwa nani kama si kwa hawa wa Jumatano? Tayari mama mmoja mjane, muuza mchicha, alifungua pindo la khanga yake akatoa elfu kumi "kwa ajili ya joho la mtumishi". Mimi nilikataa, mume wangu akaipokea.

Sasa anataka kuweka nyumba rehani. Afisa ustawi wa jamii amenieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo sahihi yangu inahitajika, na sitaitoa. Lakini akina mama wa huduma ile wameshaanza kusema nina roho ya Yezebeli, na naona mume wangu anaanza kuwaamini.

Naomba ushauri. Nimkutanishe na nani ambaye atamsikiliza bila kudhani nimemshitaki? Je, ni busara niulize kwa Msajili wa Jumuiya kama huduma ile imesajiliwa, na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuhusu huo udaktari, au nitazidi kumfukuza nyumbani? Na zile elfu kumi za yule mama, nimrudishie kimyakimya kutoka kwenye fedha yangu, au nisubiri arudishe mwenyewe aliyezipokea? Ibada ya kuwekwa wakfu ni mwezi ujao, tafadhali nijibu mapema.

Mke wa mtumishi, Arusha