Kwa wazazi vijana wa Eastlands: acheni kuuliza "Nani alianza?"

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaolea watoto wawili, watatu, ndani ya chumba kimoja au viwili, kuanzia Umoja hadi Kayole na Dandora. Ugomvi wa watoto wenu si ushahidi kwamba mmeshindwa kulea.

Angalieni saa kwanza. Vita vingi huzuka kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, na chanzo ni tumbo. Mtoto aliyekula mchana shuleni hawezi kungoja ugali wa saa mbili usiku kwa utulivu. Mpeni kikombe cha uji au kipande cha nduma saa kumi na nusu.

Wakianza, sikilizeni kabla ya kuingilia. Kama ni maneno na kuvutana rimoti, subirini dakika mbili, tatu. Mara nyingi humalizana wenyewe. Wakiumana, wakirushiana vitu au wakisukumana karibu na jiko, ingieni papo hapo, mkae katikati yao, bila kofi. Anayemchapa mtoto kwa kuwa amempiga mdogo wake anamwonyesha kwamba mwenye nguvu ndiye hupiga. Wakishatulia, kila mmoja aseme huku mwenzake amenyamaza. Rudieni alichosema: "Umekasirika kwa sababu amechora daftari lako." Kisha waulizeni wanataka kufanya nini. Hilo la nani alianza liacheni kabisa. Hamkuwepo, na jibu lake huwafunza kushtakiana tu.

Kuna neno jingine linaloniuma: "Wewe ni mkubwa, mwachie." Mkubwa anajifunza kwamba chake hakina ulinzi, na mdogo anajifunza kwamba kilio hufungua kila mlango. Mtoto wa miaka 2 hana uchoyo. Akili yake bado haijakomaa kuelewa kugawana. Basi kifungua mimba awe na kikapu chake pale juu ya kitanda cha ghorofa, mdogo asipofikia, na asilazimishwe kutoa kilichomo.

Chapati ikiwa moja, mmoja akate, mwingine achague kwanza. Mtaona kisu kinavyotafuta katikati! Kiti cha dirishani kwenye matatu, au nani aoge kwanza: mmoja achukue tarehe shufwa, mwingine witiri. Ila mwezi wa siku 31 una mtego, maana 31 na 1 zote ni witiri na mmoja atapata zamu mbili mfululizo. Tarehe 31 iwe ya mama.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Walikuwa wakimwonya jirani, si mzazi. Ikiwa anayeumia ni yuleyule kila siku, anaogopa kubaki na mwenzake, au ana alama mwilini, huo si ugomvi tena. Watenganisheni, msiwaache peke yao, na mtafute msaada. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Sasa hesabuni nami. Mtoto huingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, akiwa na miaka 4, Gredi ya 1 akiwa na 6, Gredi ya 10 akiwa na 15 hivi, na hapo wengi huenda bweni. Aliye na miaka 7 leo amebakiza miaka 8 ya kulala kwenu kila usiku. Baada ya hapo mtampata Aprili, Agosti na Desemba. Katika miaka hiyo 8 ndipo watajua kukasirikiana na kupatana, wakiwa bado wanalala kitanda kimoja.

Kila mtoto apate dakika kumi zake na mzazi, peke yake, kila siku ikiwezekana. Kwenda naye kibandani kununua sukuma wiki kunatosha. Simu ibaki mfukoni. Na msizitumie dakika hizo kumchunguza kuhusu ndugu yake. Mwacheni aseme yake.

Ni mimi nyanya yenu,
Umoja, Nairobi