Waya ya elfu kumi na waya ya laki mbili: mbona zinafanana hivi?

Swali tunaloulizwa kila siku hapa dukani Kampala ni hili: waya mbili za USB-C, kichwa kile kile, urefu karibu sawa, moja elfu kumi na ingine inakaribia laki mbili, kwa nini? Wengine wanafikiri tunawapiga, na hatuwalaumu, kwa macho huwezi kuona tofauti. Basi wacha tueleze, pesa ni ya mteja na ana haki ya kujua inaenda wapi.

USB-C ni umbo la kichwa tu, sio spidi. Ile waya unayopewa na chaja ya simu mara nyingi ndani ina nyuzi za umeme na zile za data za USB 2.0 basi, mwisho wake megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja, gigabiti ni megabiti elfu). Ingine yenye kichwa hicho hicho inapitisha gigabiti 10, na zile za aina ya spidi kubwa inayoitwa Thunderbolt 4 zinafika 40. Hizi ndani zina jozi nyingi zaidi za nyuzi, kila jozi imekingwa isisumbuliwe na jirani yake, na kwenye kichwa kuna chipu ndogo inayoiambia laptopu hii waya inaweza kubeba spidi gani na umeme kiasi gani. Hiyo ndo unayolipia.

Sasa inakusaidia nini? Chukua vijana wetu wa video, wale wanaoshuti kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa wazazi wa bibi harusi) na harusi kila wikendi. Mtu anarudi na gigabaiti 200 za kuhamisha kwenye SSD ya nje, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Akitumia waya ya USB 2.0, ambayo kikweli inatoa kama megabaiti 40 kwa sekunde, atakaa karibu saa moja na nusu anasubiri, na umeme ukienda katikati anaanza upya. Kwa waya ya gigabiti 10, kama SSD na laptopu zote zinaiweza, ni dakika nne hivi. Inatuuma sana kuona mtu amejinyima akanunua SSD nzuri halafu anaiunganisha na waya ya chaja, miezi inapita anasema SSD ni feki na kumbe SSD haina shida yoyote.

Ila kama unachotumia ni hadidisiki ya zamani, ile ya kuzunguka, hata ukiichomekea waya ya laki mbili haitakimbia, yenyewe inatoa megabaiti mia na kidogo tu kwa sekunde. Huyo tunampa waya ya gigabiti 5 ya bei ya chini na arudi nyumbani na chenji.

Urefu nao unapandisha bei na watu hawajui. Spidi ikiwa kubwa, mawimbi yanachoka haraka ndani ya shaba, kwa hiyo waya ya kawaida ya gigabiti 40 huwa fupi, chini ya mita moja. Ukitaka mita mbili na spidi ibaki ile ile, inabidi itengenezwe kwa ustadi zaidi, saa ingine na chipu za kusukuma mawimbi, ndo maana ile ndefu bei inaruka.

Kwa HDMI, yaani waya za kupeleka picha kwenye skrini, kanisa lenye projekta ya kawaida ya HD halihitaji zile za gigabiti 48, hizo ni za mwenye mashine ya gemu ya PS5 na televisheni ya 4K inayokimbia picha 120 kwa sekunde. Ukinunua hizo, angalia boksi lina stika ya Ultra High Speed yenye msimbo wa QR wa kuskani na simu. Na zile ndefu sana zenye faiba (nyuzi za kupitisha mwanga) ndani zina upande, kichwa kimoja ni cha kompyuta na kingine ni cha skrini, ukigeuza haionyeshi kitu.

Tunapowaombea sana wateja wawe macho ni kwenye waya za netiweki, hasa nyinyi mnaobeba maboksi ya mita 305 kwenda Arua, Bunia au Juba, sababu kurudisha huko ni mbali. Waya hizi zina madaraja, Cat6, Cat6A, Cat8, na sokoni kuna Cat6 nyingi ambazo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inabeba umeme vibaya, inakatika ukiikunja kunja, na ukiitumia kwa kamera za CCTV zinazopata umeme kupitia waya hiyo hiyo, inapata moto na kamera za mbali zinajizima zima. Kwaruza uzi mmoja na kisu: ukiona weupe ndani, achana nayo. Boksi likiwa jepesi kupita kiasi pia ujiulize.

Na usiuziwe Cat8 ya shule au hoteli. Ile gigabiti 40 yake inafika mita 30 tu, ni ya chumba cha maseva. Cat6 ya shaba tupu inakupa gigabiti 1 mpaka mita 100, na gigabiti 10 mpaka kama mita 55, na intaneti nyingi tunazofungia watu hapa ni megabiti makumi tu. Ukijenga jengo jipya na waya zinaingia ukutani, hapo ongeza kidogo uweke Cat6A, inabeba gigabiti 10 mita zote 100, maana kubomoa ukuta baadaye ni gharama kuliko waya.

Ukija, beba laptopu na hiyo SSD yako, tunakopi faili kubwa hapo hapo kwenye kaunta na waya zote mbili, uone dakika mwenyewe kabla hujalipa.