STD kwenye boksi la beringi si kipimo cha krenki yako

Wateja wengi wakiona boksi la beringi za injini limeandikwa STD (saizi ya kawaida ya kiwandani) huona kazi imekwisha: toa za zamani, tia mpya, kaza, washa. STD inaeleza beringi ilivyotoka kiwandani. Haisemi krenki yako, shafti inayozungushwa na pistoni, imelika kiasi gani baada ya miaka ya kupanda na mzigo kutoka Chemelil hadi Nandi Hills. Ndiyo maana hapa Kisumu injini ya kufanyiwa ovahoo hulala kwetu siku moja zaidi, na ndiyo maana kwenye hesabu yetu utaona mstari wa vipimo.

Injini ikizunguka, krenki haitakiwi kugusa beringi. Inaelea juu ya utando wa oili, na utando huo unahitaji mwanya. Kwa injini nyingi ndogo za petroli mwanya huwa kati ya 0.02 na 0.05 mm, unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, maana hata Toyota mbili hazilingani. Mwanya ukizidi, oili hutoroka pembeni mwa beringi, presha inashuka, taa ya oili inapepesa injini ikiwa moto na gari limesimama, kisha koni (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) zinaanza kugonga. Ukiwa mdogo mno, beringi inachemka, inashika krenki na kuzunguka nayo. Hapo huendi tena kutafuta beringi, unatafuta bloku, yaani mwili wa injini.

Kila shingo ya krenki, ya meni (inayokaa kwenye bloku) na ya koni, tunaipima kwa maikromita karibu na ncha zake mbili, na kila ncha pande mbili zinazokatana kwa nyuzi 90. Kwa Toyota nyingi, tofauti ikizidi 0.02 mm shingo hiyo imekuwa yai au imepungua upande mmoja, na krenki inakwenda kusagwa hadi andasaizi (saizi iliyopunguzwa) ya 0.25 mm, au 0.50 ikiwa imechimbika. Tafadhali usinunue beringi kabla krenki haijarudi.

Kisha beringi mpya huwekwa mahali pake, mgongo wake ukiwa mkavu na safi, kofia (vifuniko vinavyobana beringi) zikakazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na tundu la beringi likapimwa kwa geji ya saa (kipimo cha tundu chenye mshale) kutoka juu hadi chini. Si kwenye maungio ya nusu mbili za beringi, kwa sababu beringi hutengenezwa nyembamba kidogo hapo na kipimo kitakudanganya. Tundu likiwa 48.01 na shingo 47.97, mwanya ni 0.04. Na jua letu lisisahaulike: chuma cha milimita 48 kikipata moto wa nyuzi 25 zaidi hutanuka kupita 0.01, yaani zaidi ya robo ya mwanya huo. Krenki, bloku na maikromita vilale kivulini pamoja usiku kucha.

Asiye na geji ya saa hutumia Plastigage, uzi laini wa plastiki. Ule wa kijani husoma 0.025 hadi 0.076 mm. Pangusa oili yote, laza kipande kwa urefu wa shingo, kaza kofia kwa toki kamili, fungua, linganisha upana na mistari ya kwenye pakiti. Krenki isizungushwe hata kidogo. Bloku iwe imepinduliwa, la sivyo uzito wa krenki utalalia kofia na kuharibu usomaji. Uzi uliopanuka sana unamaanisha mwanya mdogo. Wengi husoma kinyume.

Ujanja wa kupiga kofia tupa, au kuweka karatasi ya sigara nyuma ya beringi ili "ibane", hatuufanyi hata tukiombwa. Tundu lililopigwa tupa si duara tena, na karatasi huzuia joto kutoka kwenye beringi.

Ukileta injini iliyokwisha kufunguliwa, leta koni zote na kofia zake zikiwa jozi zilezile, na kofia za meni kwa namba zake. Kofia iliyopotea haiazimwi kutoka injini nyingine. Siku ya kuchukua utapewa karatasi yenye mwanya wa kila shingo. Itunze, fundi atakayeifungua baadaye ataihitaji.