Chang'aa humwagwa, karo hubaki

Mhariri,

Tangu Julai 2025, sera mpya ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilipopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, mabishano hayajaisha, hata katika ukurasa huu wa barua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kakamega, magharibi mwa Kenya, na sina neno na miaka 21. Kinachoniuma ni kwamba tunamjadili mnywaji na umri wake tu, bila kuuliza pesa ya pombe inatoka wapi na inaingia mfuko wa nani.

Utafiti wa NACADA wa 2022 uliweka Magharibi mbele ya maeneo yote nchini kwa unywaji, asilimia 23.8. Nimewasikia watu wakisema ni kwa sababu sisi hupenda starehe na matanga. Si kweli, na kauli hiyo inatuzuia kuona tatizo lilipo.

Nimelelewa katika boma lililopika busaa. Bibi yangu alikaanga unga uliochachuka juu ya bati, akauchanganya na kimea cha wimbi, kisha wazee wakakizunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu. Kijana hakuugusa mrija kabla hajaruhusiwa. Busaa ile ilikuwa shukrani kwa waliokuja kulima, ilikuwa ya harusi, ilikuwa ya kumsindikiza marehemu. Chungu kikiisha, watu walienda nyumbani. Pombe ya leo haiishi kwa sababu ni biashara, na anayeiuza ni maskini sawa na anayeinunua.

Chukua mkata miwa. Jioni anaenda kwenye boma la mama pima, yaani mwanamke anayepika na kuuza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na usidhani kiu pekee ndiyo inayompeleka. Msimamizi wa vibarua hukaa hapo hapo, na hapo ndipo majina ya kesho yanapotajwa. Mzazi mmoja niliyemsihi aache pombe alinijibu kwa upole: "Mwalimu, nisipofika pale, nani ataniambia trekta inapakia wapi asubuhi?" Sikuwa na jibu. Akifika hana pesa, lakini glasi anapewa kwa deni na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Siku ya malipo, daftari hilo hulipwa kabla ya duka, kabla ya mtoto. Asipolipa hakopeshwi tena, na asipoonekana pale atasahauliwa kazini. Ndiyo maana mahubiri ya Jumapili hayamwondoi.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019, baada ya wakulima kukidai malipo yao kwa muda mrefu, wanaume wengi waliokuwa na tegemeo walibaki na vibarua vya siku moja moja. Pesa ya siku moja haijengi nyumba wala hainunui ng'ombe, kwa hiyo mtu huona afadhali aitumie usiku huo huo.

Bei nayo ina nguvu kuliko amri. Mwaka 2004 serikali iliiondolea bia ya keg, ile ya bei nafuu inayouzwa kutoka kwenye pipa, ushuru ili maskini aache pombe haramu, naye akaifuata keg. Msamaha huo ulipokatwa hadi nusu mwaka 2013, bei ilipanda na mauzo yakaporomoka. Hakuna aliyeacha kunywa kwa sababu bia imekuwa ghali. Waliteremka kwenye kile walichoweza kununua. Kwa kweli, wenye pesa hunywa pia. Ijumaa usiku mahoteli ya Kisumu na Kakamega hujaa, ila hao huitwa wateja, sisi tunaitwa walevi.

Sasa nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Muhula uliopita nilikwenda nyumbani kwa mwanafunzi wangu aliyekosa shule siku tatu. Nilikuta askari wamemwaga pipa la mama yake. Mchanganyiko wa sukari nguru wa kupikia chang'aa ulikuwa bado unatiririka kuelekea langoni, mtoto ameshika fagio, kakake wa kidato cha pili amekaa juu ya sanduku lake la shule. Alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama alinionyesha risiti za karo alizozitunza kwenye mfuko wa plastiki, zote zimelipwa kwa chang'aa. Wiki iliyofuata alikopa kwenye chama chake akanunua nguru nyingine.

Tangu 2010 sheria inaruhusu chang'aa, mradi mtengenezaji awe na leseni na aiweke kwenye chupa za kioo za ujazo uliowekwa. Yule mama atapata wapi mtambo wa kujaza chupa? Wala sitamani aupate, maana nimewazika wazazi wa wanafunzi wangu kwa sababu ya kinywaji hicho.

Leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti. Naomba ushuru unaokusanywa kwenye baa zetu utengwe, sehemu yake iwe mtaji wa akina mama wanaotaka kuacha kupika, na basari itolewe muhula unapoanza, si unapokaribia kwisha. Wanaoajiri wakata miwa nao wawalipe kwa simu kila wiki na kuwaita kazini kwa simu hiyo hiyo, ili mtu asilazimike kupitia kwa mama pima kutafuta kibarua. Yule mvulana alirudi shuleni akiwa amechelewa wiki mbili. Karo ya muhula ujao bado haijapatikana, na pipa limeshajazwa.

Mwalimu,
Kaunti ya Kakamega