Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: umeme upo, njia ya kuuleta haipo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa usiku wa kuamkia leo sikulala. Umeme ulikatika saa nne usiku, ukarudi alfajiri. Mashine yangu ya kutotolesha ilikuwa na mayai 528, zimebaki siku mbili yaanguliwe. Jenereta niliyoazima iligoma kuwaka. Nikaifunika mashine kwa mablanketi, nikaizungushia chupa za maji ya moto, kisha nikakaa namulika kipimajoto kwa simu: 37, 33, 28. Asubuhi nilivunja yai moja. Kifaranga alikuwa amekamilika, manyoya yote yapo, mdomo ameuelekeza kwenye ganda. Amekufa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikisimama mlangoni naona mitambo ya upepo kilimani. Jana upepo ulivuma usiku kucha na mapanga yake hayakuzunguka. Kijana anayefanya kazi kule ananiambia huamriwa kuizima mara kwa mara, kwa sababu laini iliyopo haiwezi kubeba umeme wote. Mimi si mhandisi, lakini nahisi hata giza la jana limetoka hukohuko: laini imezidiwa, transfoma zimechoka.

Siku ulipokata utepe nilikuwepo, nimesimama juani. Ulituahidi laini mpya ya msongo mkubwa ndani ya mwaka mmoja. Huu ni mwaka wa tatu.

Na onyo lilikuwepo, Mheshimiwa. Kenya walisimika mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, ya megawati 310, ikakaa zaidi ya mwaka bila kuuza umeme kwa kuwa laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa haikuwa imekamilika. Ilikamilika 2018. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kwamba miradi ya nishati jadidifu ya angalau gigawati 3,000 duniani inasubiri kuunganishwa na gridi, yaani mtandao wa laini za umeme. Mtambo wa jua au upepo unaweza kujengwa kwa mwaka mmoja hadi mitano. Laini mpya huchukua mitano hadi kumi na mitano. Basi kwa nini laini ianze mwisho?

Kama shida ni fidia ya ardhi, semeni. Kama ni mkandarasi, semeni pia. Wakati mnasubiri, nguzo zilizopo zinaweza kuvalishwa nyaya za kisasa zenye kiini cha kaboni, ambazo hubeba hadi karibu mara mbili ya za zamani, bila kuchukua shamba jipya la mtu yeyote. Hilo nalo linangoja nini?

Siombi fidia ya vifaranga. Naomba tarehe. Tarehe ya laini, siku, mwezi na mwaka, iliyoandikwa na kutiwa saini yako. Tarehe tu, Mheshimiwa.

Nimebaki na trei sita za mayai mabichi, na sijui niyaingize mashineni au niyauze.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa kuku, chini ya kilima chenye mitambo