Sarafu ya tembo inatugombanisha, tufanyeje?

Mshauri, habari za kazi. Mama yetu alifariki mwaka jana akatuacha watoto wanne, kaka zangu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Shamba na nyumba tuligawana mbele ya sheikh bila kelele. Kilichobaki ni sarafu moja ya dhahabu, na kwa ajili yake kaka mkubwa sasa hapokei simu yangu.

Ni ile rupia 15 ya Mjerumani iliyotengenezwa hapahapa Tabora mwaka 1916. Kwa asiyeijua: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliziba pwani, fedha kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakazitengeneza wenyewe kwenye karakana ya reli. Zilitoka 16,198 tu, na mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likauteka mji. Upande mmoja kuna tembo kainua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka na herufi T ya Tabora. Upande wa pili kuna tai wa Kaiser. Mimi naipenda kwa sababu ya huyo tembo, nakiri, tai simtaki.

Bibi mzaa mama aliivaa shingoni. Mtu fulani zamani aliichomelea kishikio cha kupitishia mkufu, na mama aliolewa akiwa ameivaa. Siku zake za mwisho alitamka mbele yetu sote kwamba ikae kwa mabinti. Kaka akamuuliza sheikh, naye akajibu kwamba hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Kaka mdogo karidhia. Mkubwa hakuridhia, na kisheria ana haki yake: kila mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke moja. Lakini sarafu haikatwi kama nyama ya Idi.

Basi akaipeleka kwa sonara wa mjini. Sonara akaipima, akasema ni karati 18, gramu saba na kitu ukitoa kishikio, akataja bei ya gramu. Kaka akafurahi. Nilipouliza kama anajua ni sarafu gani, sonara alinijibu, "Dada, dhahabu ni dhahabu, itayeyuka tu." Halafu akajitolea kuisugua ing'ae kabla ya kuinunua! Niliipokonya mkononi mwake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Nimeuliza kwa watu wanaokusanya sarafu za kale. Wanasema nzima hununuliwa kwa bei inayoizidi mbali ile ya dhahabu iliyomo. Ziko aina mbili, nazo hujulikana kwenye lile neno OSTAFRIKA: urembo uliojikunja upande wa kulia unaishia chini ya herufi T au chini ya A ya kwanza. Za A ni chache zaidi. Yetu nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, ni ya A. Ila wote wananiambia kishikio kimeishusha thamani sana, kwamba hata kikiondolewa kovu la moto litabaki ukingoni, na kwamba za bandia zimejaa. Ya kwetu siitilii shaka, lakini mnunuzi hanijui mimi wala bibi yangu.

Juzi binamu yetu aliyeko Muscat katuma ujumbe kwamba amepata mnunuzi, anachotaka ni tumpe mtu anayesafiri aibebe, fedha zitafuata. Kaka mkubwa tayari anamtafuta msafiri. Mimi moyo unakataa kabisa. Hata picha ya upande mmoja tu sijamtumia.

Naomba mnisaidie kwa haya. Je, kishikio kitolewe au kiachwe kilivyo? Nani hapa nchini anaweza kuikagua akatupa maandishi yanayoaminika, au ni lazima ifike kwa zile kampuni za Marekani zinazopima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki? Kitu cha mwaka 1916 kinahitaji kibali cha serikali ili kitoke nchini? Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa kwangu: nikitaka kumlipa kaka mafungu yake ili sarafu ibaki kwetu mabinti, tuhesabu kwa bei ya sonara au ya mkusanyaji? Ya sonara naimudu nikiuza cherehani yangu moja na kucheza upatu. Ya pili siiwezi, na nikimlipa ya kwanza huku najua iko ya pili, sijui kama nitakuwa nimemtendea haki.

Kaka ametupa mpaka baada ya Idi, kisha ataichukua. Tafadhali nijibuni kabla ya hapo.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora